Saini ya Mzazi

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, za kazi na za wagonjwa unaowabeba? Sisi huku wazima. Mama mafua yamemwachia, amerudi kaunta ya duka letu la mikate na wateja wanachelewa makazini kwa ajili ya soga zake. Baba ni yule yule, unga mpaka kwenye nyusi. Wifi yako anakusalimu sana, na anauliza kama sura yako bado ni ile, maana una miaka minne hujaonekana.

Tumeshasalimiana, sasa nikwambie, maana kalamu haitulii mkononi. Nataka kuchukua leseni ya kujifunzia udereva.

Jumatatu nilipitia ofisi ya leseni baada ya shule. Nilipanga foleni nyuma ya watu wazima watupu. Karani alinitazama kwa juu ya miwani akaniuliza, "Umetumwa na nani?" Nikamwambia nimejituma. Akanipa fomu na karatasi ya masharti, na masharti yenyewe sasa nayajua kuliko somo lolote la darasani. Ukifika miaka kumi na sita unaruhusiwa kujifunza. Unapeleka cheti cha kuzaliwa, picha mbili, cheti cha macho na saini ya mzazi. Unafanya mtihani wa maswali thelathini ya sheria na alama za barabarani. Ukikosa zaidi ya manne, rudi nyumbani. Ukifaulu unapewa leseni ya kujifunzia, na hapo bado huendeshi peke yako. Lazima pembeni yako akae mtu mzima mwenye leseni kamili, gari libandikwe kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, na kila saa unayoendesha iandikwe kwenye kijitabu mpaka zifike hamsini. Halafu sisi wa chini ya miaka kumi na nane tunakaa na leseni hiyo miezi sita kabla ya mtihani wa barabarani, wakati mtu mzima anakaa mitatu na saa zake ni ishirini tu. Nilimwuliza karani kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nyie mnadhani hamfi."

Nimefikiria vizuri, si wazimu. Dereva wetu wa mikate amestaafu, magoti yamegoma kukanyaga klachi, amehamia kwa binti yake mbali kabisa. Gari limelala uani tangu hapo. Mkate unakwenda kwa baiskeli, na shule ya ng'ambo ya reli na zahanati wameanza kununua kwingine kwa sababu tunawafikia saa nne wakati watu wameshakunywa chai kavu. Mimi nina miaka kumi na sita na nusu. Kufikia mwisho wa mwaka ninaweza kuwa dereva kamili.

Nilimpa baba fomu. Aliipangusa unga, akasoma ukurasa wa kwanza wote, akafungua wa pili, akafika katikati, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa aproni. Akasema, "Tutaona." Kwa baba, tutaona ni hapana iliyooga. Mama naye anasema, "Baba yako akitia saini nitashangilia. Asipotia, mimi simo."

Wewe ndiye dereva pekee wa ukoo huu. Naomba umwandikie. Usipige simu, maana simu ya nyumbani inakaa kwenye meza ya kukandia na ni yeye anayeipokea, atakata akisema mikono ina unga.

Mwanao,
Chiriku

30 Januari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ililala mapokezi siku kumi kabla mtu hajakumbuka kwamba hata dereva wa gari la wagonjwa huandikiwa. Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika. Wiki iliyopita nilibeba mama wa mapacha. Nesi aligonga kioo cha nyuma akaniambia nipunguze mwendo, nikapunguza, wakazaliwa tukiwa bado njiani, mmoja kabla ya daraja na mwingine baada yake. Mwambie wifi sura ni ile ile, ila imeongezwa mistari.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu kwa sauti chumba cha madereva. Wenzangu wanasema ukija huku wanakupa kiti.

Usisubiri saini ndipo uanze. Tafuta kitabu cha alama, na usikariri picha. Kila alama jiulize inamwokoa nani. Kapimwe macho. Halafu kaa ndani ya gari likiwa limezimwa, ufunguo uwe kwa mama yako. Sogeza kiti, rekebisha vioo, funga mkanda, tazama nyuma. Kisha shuka, upande tena, urudie. Fanya hivyo mpaka uchoke, halafu endelea.

Kuhusu baba yako, mwache kidogo. Ana sababu zake na si mbaya.

Hiyo fomu. Pale alipokomea, ukurasa wa pili katikati, paliandikwa nini?

Shangazi yako

16 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama kashona mapazia mapya ya duka, ya kijani. Baba anasema yanamfanya ajione yuko ndani ya kabichi.

Macho yangu mazuri, nilisoma mpaka ule mstari wa chini ambao mpimaji mwenyewe aliusogelea ndipo akauona. Alama nazijua zote. Mama ananiuliza akiwa anapima mikate, yeye hajui hata moja lakini anajua nikibabaika. Kwenye gari nimepanda na kushuka mpaka majirani wameanza kuuliza kama mlango umeharibika. Shangazi, nikikaa pale, mikono kwenye usukani, injini imezimwa, kioo cha mbele kichafu, naona barabara yote mpaka zahanati. Sijui nikuelezeje.

Sasa swali lako. Nilirudi kwa karani kuomba fomu nyingine. Ukurasa wa pili katikati ni swali la tisa: "Je, mzazi au mlezi anayetia saini amewahi kufutiwa leseni ya udereva? Kama ndiyo, eleza sababu."

Nilicheka, maana baba hajawahi kuwa na leseni. Hata gari likitakiwa kusogezwa uani ili kuni zishushwe, anamwita jirani. Halafu juzi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la bati la karatasi za nyumba, na chini kabisa nikakuta kadi. Picha ya kijana mwembamba, shingo kama ya bata. Jina la baba. Leseni ya udereva. Na juu yake mhuri mwekundu, umekatiza mpaka kwenye uso wake: IMEFUTWA.

Nikairudisha kama nilivyoikuta. Nilimwuliza mama kwa kuzungukazunguka, akasema, "Nilipoolewa nilimkuta hivyo hivyo, gari halitaki." Zaidi hajui.

Tarehe ya kwenye kadi ni ya zamani, wewe ulikuwa msichana kama mimi. Ulikuwepo. Baba alifanya nini?

Mwanao,
Chiriku

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ni mapokezi tu wameikalia tena barua yangu. Sisi wazima.

Juzi nilimwuliza baba moja kwa moja kama atatia saini. Akasema, "Kaa usome, mambo ya barabara yaache." Nikamwambia mbona Shangazi anaruhusiwa barabara. Aliacha kukanda. Akasema, "Shangazi yako ni dereva mzuri kuliko wote ninaowajua," akaendelea na kazi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kama nimeuliza vibaya nisamehe, lakini nijibu.

Chiriku

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na nisamehe kwa ukimya. Barua zako mbili zimekaa mfukoni mwa sare yangu, nimezunguka nazo hospitali nzima. Nimeanza kujibu mara tano. Kazi zilikuwa nyingi, ni kweli, lakini si sababu. Msalimie wifi. Sasa nisikilize.

Baba yako hakufanya chochote. Ni mimi.

Nilikuwa na umri wako. Leseni ya kujifunzia sikuwa nayo, wala sikuwahi kuuliza kama ipo. Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, leseni yake ina miezi mitano, na kampuni ya mabasi ilikuwa imeshamkubali aanze mafunzo mwezi unaofuata. Alikuwa ameshajinunulia shati la rangi ya sare yao, analipiga pasi kila Jumamosi bila kulivaa. Jumapili moja mchana, baada ya mvua, aliazima gari la jirani kupeleka magunia. Nikamng'ang'ania njia nzima: nipe, nipe, mpaka kona tu. Unajua ninavyoweza kung'ang'ania, umerithi. Akasimamisha, tukabadilishana viti.

Niliendesha kama dakika mbili. Nakwambia ukweli, zilikuwa tamu. Sikuwa mtundu wala mlevi, nilikuwa na furaha tu, na furaha ile ile naiona kwenye barua zako. Kwenye kona nilitaka kukanyaga breki, nikakanyaga mafuta. Kaka akavuta breki ya mkono, gari likazunguka, likaingia kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Fundi alikuwa amechuchumaa anajaza tairi upepo. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Kabla watu hawajafika kaka aliniambia, "Sogea huku." Akapita juu yangu, akakaa kwenye usukani. Polisi walipokuja akasema ni yeye. Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Miaka ishirini na saba bado umefungwa.

Leseni yake ikafutwa kwa miaka mitatu. Kampuni ya mabasi ilimwandikia mistari miwili ya kumkataa. Akaenda kukanda unga kwa mwoka mikate mmoja, kwa muda tu, mpaka miaka mitatu iishe. Iliisha, hakwenda kuiomba tena. Mimi nilipofika ishirini nikachukua yangu, safi kama sahani. Nilipoomba kazi hapa, fomu iliniuliza kama nimewahi kusababisha ajali yenye majeruhi. Niliandika "Hapana," kwa mwandiko mzuri.

Sasa unaelewa swali la tisa. Akiandika hapana, amedanganya. Akiandika ndiyo, lazima aeleze, na hawezi kueleza bila kuurudia uongo ule au kunitaja mimi. Ndiyo maana ameona heri wewe umnunie.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Usiifungue. Mpe akishamaliza kutoa mikate, siyo kabla, asije akaiunguza. Nimemwambia aandike ukweli na anitaje. Na nimeomba likizo.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tuko wazima, na leo usitarajie mwandiko mzuri, siwezi kuandika polepole.

Nilimpa baba barua akiwa ametoa trei ya mwisho. Aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Wewe kakwambia yote?" Nikasema yote. "Mpaka habari za shati?" Mpaka shati. Akacheka, halafu akakaa juu ya gunia la unga akajifuta uso kwa mkono, ukawa mweupe wote. Nilimwuliza mbona hakwenda kuichukua leseni miaka mitatu ilipoisha. Akasema, "Kila nikikaribia usukani mkono wangu ulikuwa unatafuta ile breki. Baadaye nikazoea kupanda nyuma." Nikamwuliza kama alikuwa anakuchukia. Alinishangaa. "Nimchukie vipi? Kila akinipigia simu kwamba amemfikisha mtu hospitali, na mimi naona nimemfikisha."

Jioni hiyo hiyo alimwambia mama. Mama aliacha kuhesabu pesa za siku. Kisha akasema, "Miaka yote hii nawabembeleza majirani wasogeze gari, kumbe nimeolewa na dereva."

Sasa shika kiti. Jumanne tulikwenda ofisi ya leseni sote watatu. Kwenye swali la tisa baba aliandika "Ndiyo," na kwenye maelezo akaandika: "Ilifutwa kwa ajali ambayo sikuwa nikiendesha. Aliyekuwa akiendesha ni ndugu yangu, na yuko tayari kuja kueleza." Akatia saini. Saini ya baba ndefu, sikuwahi kuiona ikiandikwa taratibu vile. Karani alisoma, akaenda nayo kwa mkubwa wake, tukakaa kwenye benchi saa nzima. Akarudi akasema, "Ombi la mtoto halina tatizo. Huyo ndugu aje mwenyewe." Halafu akamwuliza baba, "Na huyu binti, pembeni yake atakaa nani? Mna mtu mwenye leseni nyumbani?"

Mama alimtazama baba, mimi nikatazama sakafu.

Baba akasema, "Nipe na mimi fomu."

Macho yake wamempima hapo hapo, na mtihani tukafanya pamoja jana. Msimamizi alituweka mbali mbali tusije tukaonyeshana. Nadhani aliyemshuku ni baba. Ndani ya chumba tulikuwa kumi na moja, na baba peke yake ndiye aliyekuja na penseli mbili na kichongeo. Mimi nimepata ishirini na tisa. Yeye ishirini na saba, na amebishana na msimamizi kuhusu moja, anasema enzi zake alama hiyo haikuwepo.

Kwa hiyo, Shangazi, nyumba hii sasa ina leseni mbili za kujifunzia na hakuna mtu wa kukaa pembeni. Likizo yako inaanza lini?

Mwanao,
Chiriku

9 Juni

Chiriku wangu,

Nimefika salama kutoka kwenu, na salamu zako nimezigawa zote. Chumba cha madereva wamemaliza ule mkate wa mama yako kabla sijavua viatu.

Wiki tatu zile nitazikumbuka. Wewe saa moja, baba yako saa moja, na mimi katikati kama mtu aliyekaa baina ya moto na barafu. Wewe unaingia kona ukiimba. Yeye anaendesha kama amepakia mayai, na mkono wake wa kushoto, siku nne za mwanzo, haukutoka kwenye breki ya mkono. Siku ya tano niliuondoa mwenyewe nikaushika. Alibadilisha gia nilipouachia, na tangu hapo akaendesha. Wewe ulikuwa nyuma unahesabu dakika kwenye kijitabu, sidhani uliona.

Ofisi ya leseni ulinisindikiza, kwa hiyo unajua nilivyotoa maelezo yangu na kutia saini. Kuna mahali pengine nilikwenda bila wewe. Asubuhi ya kuondoka nilipowaaga mapema sikwenda moja kwa moja stendi. Nilikwenda kwa fundi baiskeli.

Bado yupo, kona ile ile, kibanda kingine. Anachechemea. Nilimsalimia, nikajieleza mimi ni nani, nikamwambia kwamba siku ile aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Alikuwa anakaza spoku za gurudumu. Alikaza mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Nilikuona."

Nikamwuliza, uliniona vipi?

"Kwa macho. Gari lilikuja kwa mbele. Nilimwona msichana, mdomo wazi."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Akasema kaka alikwenda wodini kila siku kwa wiki sita, anamletea chakula, anamwekea mto chini ya mguu, na siku ya kwanza kabisa alimwomba jambo moja tu. "Nilikataa," fundi akasema. "Siku ya kumi nikakubali. Nilimwambia lakini, huyo dada yako siku moja atataka kusema mwenyewe. Umechelewa sana, mama." Kisha akaniuliza kama ni kweli naendesha gari la wagonjwa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nimeshabeba watu wangapi. Nikamwambia sijui idadi, ni kazi ya kila siku. Akasema, "Basi sawa. Lakini mguu unauma kipindi cha baridi, na hilo pia ulijue." Nimelijua.

Ijumaa nilimwandikia mkuu wangu wa kazi kuhusu ile "Hapana" yangu. Bado hawajanijibu. Wewe usijali hilo, jali vioo vyako. Kwenye kijitabu chako zimebaki saa karibu thelathini.

Shangazi yako

11 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na mimi sasa nina miaka kumi na saba kamili. Mama alinipa glavu za kuendeshea, za ngozi, alizozinunua wapi sijui. Nikizivaa naonekana kama nakwenda kuiba benki.

Baba amefaulu mtihani wa barabarani. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Julai, saa tatu asubuhi. Mama na mimi tulibaki nje ya uzio. Mtahini alikuwa kijana mwenye saa kubwa. Walitoka getini taratibu mno, mpaka mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Huyo mzee anaendesha au anasindikiza gari?" Mama alimgeukia, na yule mtu akahamia upande wa pili wa foleni.

Dakika arobaini. Waliporudi baba alishuka, akafunga mlango, akalizunguka gari kwa mbele kutukuta. Hakusema amefaulu. Alitukabidhi karatasi, akaenda kunawa mikono bombani, mikono isiyo na unga wala nini. Nimesoma maoni ya mtahini: "Mwangalifu kupita kiasi. Anafaa."

Tangu siku hiyo anakaa pembeni yangu. Gari lililala karibu miezi miwili tangu uondoke, sasa halilali. Tunapeleka mikate shule ya ng'ambo ya reli kabla ya kengele, halafu zahanati, na sista mkuu ametuagiza tena kama zamani. Baba hapigi kelele. Nikikosea ananiambia, "Simama pale penye nafasi," nasimama, tunazungumza kosa, tunaondoka. Jana niliingia mzunguko mkubwa wa magari kwa mara ya kwanza, malori kushoto na kulia. Nilipotoka upande wa pili nilikuwa nacheka peke yangu. Baba akasema, "Rudia." Tumerudia mara tatu, mikate ikiwa ya moto nyuma.

Hujasema kazini wamekujibu nini, na tangu ile barua ya Juni hujaandika. Ukinyamaza huwa kuna kitu, siku hizi nakujua.

Mwanao,
Chiriku

20 Septemba

Chiriku,

Marahaba, na hongera kwa miaka kumi na saba. Hongera za kaka nimempigia simu nikampa mwenyewe. Tulizungumza mpaka mkate ukaungua, mama yako atakuwa ameshakwambia.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuharibia raha. Waliniondoa kwenye usukani mwezi wa saba. Barua ya onyo kwenye faili, miezi miwili bila kuendesha, na kurudia mtihani mbele ya mtahini wa nje. Waliniweka mapokezi. Nimekuwa nikipokea simu za watu wanaoomba gari, naandika anwani, nampa dereva mwingine, halafu nabaki nimekaa nikisikia king'ora kinaondoka bila mimi. Sikujua kama mwili unaweza kuwasha hivyo. Ila barua sasa zinafika kwa wenyewe siku hiyo hiyo, maana nimezipanga.

Jana nimefanya mtihani. Miaka ishirini na tatu naendesha, na usiku wa kuamkia jana nilisoma kitabu cha alama kama wewe. Mtahini alinirudisha nyuma katikati ya nguzo, akanisimamisha mlimani, akanipitisha sokoni. Nimefaulu. Leo mchana nimerudi kazini, na wa kwanza kumbeba alikuwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, ambaye njia nzima alimwambia nesi kwamba ninakwenda polepole.

Niandikie siku ya mtihani wako, saa na kila kitu.

Shangazi yako

29 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakusalimu, baba pia. Mtihani ulikuwa juzi, Jumatatu, saa nne asubuhi. Nimefaulu.

Nilitaka nikufiche mpaka ukurasa wa tatu, nimeshindwa.

Mtahini ni mwanamke, mfupi, viatu vyeusi vinavyong'aa. Alikagua leseni yangu ya kujifunzia, kijitabu cha saa hamsini na saini zako na za baba, akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema, shangazi na baba. Akasema, "Tuone walichokufundisha." Kutoka getini niliachia klachi vibaya, nikazima gari. Shangazi, nililizima, kama mtoto wa siku ya kwanza. Nikavuta pumzi, nikatazama vioo, nikawasha tena. Yeye aliandika kitu. Baada ya hapo sikumbuki woga. Nakumbuka mama mwenye beseni kwenye kivuko, nikasimama, akanipungia. Nakumbuka lori limeegeshwa vibaya karibu na shule, na mtoto akachomoza mbele yake, na mguu wangu ulikuwa umeshafika kwenye breki hata kabla sijamwona vizuri. Mtoto akavuka. Mtahini aliandika tena, lakini safari hii alitikisa kichwa kwa kukubali.

Tuliporudi alizima saa yake akaniambia, "Kuzima gari si dhambi. Hongera." Akanisomea masharti ya mwaka wa kwanza kwa aliye chini ya miaka kumi na nane: nisibebe abiria zaidi ya mmoja asiye wa familia, nisiguse simu, nisiendeshe baada ya saa nne usiku. Nilitaka kumwambia niongezee hata kumi mengine.

Baba alikuwa anasubiri nje ya uzio. Aliona uso wangu akajua. Hakuja upande wa usukani. Hakuja hata kiti cha mbele, alifungua mlango wa nyuma akaingia, akajifunga mkanda. "Haya, dereva," akasema, "twende nyumbani."

Tumepita mbele ya soko, tumepita reli. Nilisubiri aseme kitu, vioo, au mwendo, au lile basi la mbele. Nilipotazama kwenye kioo cha kati nikaona kichwa kimelala kwenye dirisha, mdomo umefunguka kidogo. Baba alikuwa amelala. Unajua mwenyewe hajawahi kusinzia ndani ya gari. Hata akipanda basi hushika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka anaposhuka.

Nilifika mlangoni kwetu. Mama alikuwa amesimama nje na nusu ya mtaa. Nikampungia mkono na kumwonyesha kidole mdomoni asipige vigelegele, nikapita. Nikazunguka mtaa wote tena, taratibu, gia ya pili, ili asiamke.

Nimeishiwa karatasi. Ukipata siku mbili za mapumziko nipigie nikufuate stendi, nitakuja na gari.

Mwanao,
Chiriku